Maswali ya wasomaji: mtoto kanywa, tumfiche au tumpeleke?

Safari hii nimeziweka pamoja barua zote za ulevi wa vijana mana zimekuja kutoka Unguja na Pemba na ukizisoma unaona zinafanana kitu kimoja, kila alieandika kasema "hakuna mtu anaejua". Mama hajui amwambie nani, kijana anaogopa hospitali, mwalimu anaogopa jina la skuli. Kwetu sisi tunapenda kusema pombe ni mambo ya wageni na mahoteli, lakini watoto wanakunywa na wanakunywa gizani, na huko gizani ndo wanakoumia. Nimejibu kwa urefu pale penye hatari zaidi.

Shangazi, assalamu alaykum. Mie ni mama niko Wete. Kijana wangu ana miaka 16 yupo fomu thrii. Msimu wa karafuu alikua anaenda kuchuma na wenzake analipwa kwa pishi, nikafurahi mana atajinunulia viatu vya skuli mwenyewe. Usiku mmoja karudi saa 6 ananuka pombe, nikamuosha nikamlaza, baba yake nikamwambia ana homa. Mara ya pili baba yake kamkuta mwenyewe kampiga sana na anasema ikitokea tena anamtoa nyumbani. Sijamwambia mtu yoyote hata dada yangu, watu wakijua itakuaje na mie nna mabinti wa kuozesha. Nifanye nini?

Waalaykum salaam mwenzangu. Kwanza pole, na wala usijione wewe peke yako, kama barua hizi zingekua na majina ungeona majirani zako humu.

Nianze na baba mana hapo ndo pana haraka. Mtoto wa miaka 16 akitolewa nyumbani hatoenda kukaa peke yake akatubu, ataenda kwa walewale aliokunywa nao kwasababu ndo watu pekee watakaomfungulia mlango, alafu hapo pombe haitokua tena ya siku ya malipo itakua ndo chakula chake cha kila jioni. Mwambie baba ivo ivo, au mtafute ami yake au mzee anaemuheshimu amwambie. Kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 mtu wa chini ya miaka 18 ni mtoto, kwaiyo huyu bado ni amana yenu nyote wawili, kutolewa kwake nyumbani sio adhabu ni kumkimbia. Na kipigo pia kakipata mara moja na unaona hakijajibu kitu, kilichobadilika ni kua saivi atajificha zaidi.

Sasa mtoto mwenyewe. Usizungumze nae akiwa kalewa na usizungumze nae mbele ya wadogo zake. Msubiri siku katulia, mko wawili, hata kama ni jikoni unakuna nazi, umuulize maswali ambayo kweli unataka jibu lake: ulikunywa nini, nani alinunua, ulikunywa wapi, uliporudi ulirudi na nani, ulijisikiaje kesho yake. Usimkatize kila neno kwa haramu haramu, haramu anaijua kasoma chuoni tangu mdogo, asichokijua ni kua wewe unaweza kumsikiliza bila ya kupiga kelele. Sikiliza hasa kama anakunywa kwa kufuata wenzake siku ya pesa au anakunywa peke yake ili asahau kitu. Hizi mbili hazifanani. Ya kwanza mara nyingi inatengenezeka nyumbani kwa kubadilisha marafiki na kupanga pesa, ya pili ina jambo chini yake, labda skuli imemshinda, labda kuna mtu anamuonea, labda anaona hali ya nyumbani ndo imemlemea.

Pesa za karafuu msimnyang'anye, ni jasho lake na mkizichukua ataacha kuwaambia analipwa kiasi gani. Kubalianeni tu kua nyingi zinawekwa kwako au kwa mtu anaemuamini na yeye anabaki na za matumizi. Mtoto akiwa na noti mfukoni usiku wa malipo katikati ya vijana wa miaka 25, hapo hata mtu mzima angeyumba.

Alafu mwambie hili na ulitimize: "ukiwa popote umekwama, umekunywa au wenzako wamekunywa, nipigie nije nikuchukue, maneno yatasubiri kesho." Najua wapo watakaosema huo ni kumlea vibaya. Mie nasema mtoto anaejua mamake atakuja bila ya fujo atapiga simu, na anaejua akipiga simu atakula kipigo atapanda nyuma ya honda ya mtu alielewa.

Kwanini umri ni muhimu ivi, watu wengi hawajui. Sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji, ambayo ndo inamzuia mtu asifanye pupa na inampimia matokeo, haimalizi kukua mpaka karibu miaka 25. Pombe ikiingia kabla inaikuta bado inajengwa. Marekani watafiti walitoa mwaka 1997 matokeo ya kuwauliza watu wazima wengi walianza kunywa lini, wakaona walioanza kabla ya miaka 15 karibu watu 4 katika kila 10 walikuja kupitia utegemezi wa pombe katika maisha yao, na waliochelewa mpaka miaka 20 au zaidi ni kama mtu 1 katika 10. Haina mana wako keshapotea. Mana yake kila mwaka unaoweza kumchelewesha una faida, kwaiyo usikate tamaa useme keshaonja basi.

Na hayo ya mtaa na mabinti. Kumsitiri mtoto ni jambo jema na dini yetu inalitaka, usimtangaze barazani. Ila sitara hiyo haiingii kwa daktari. Kama anakunywa zaidi ya mara moja kwa wiki, au kaacha kwenda skuli, au kakonda, au anaamka usiku anatetemeka, mpeleke hospitali akaonane na wa afya ya akili na ushauri nasaha. Kuna simu ya watoto ya taifa namba 116, inapigwa bure, inapokea Zanzibar na Bara, unaweza kupiga wewe mzazi na anaweza kupiga mtoto mwenyewe. Na dada yako mwambie. Huwezi kuubeba mzigo huu peke yako na mumeo ndo huyo kachukia.

Shangazi mambo. Nna miaka 17 niko Paje, nasaidia kwenye biashara ya kaka angu ufukweni. Kulikua na pati wenzangu wakachanganya pombe kali na enaji, mmoja wetu akanywa sana akaanguka akawa hajibu. Tukamburuza tukamlaza chini ya mnazi tukasema ataamka mwenyewe, tukaondoka kwasababu tuliogopa kumpeleka hospitali wangetuita polisi au nyumbani wangejua. Asubuhi aliamka lakini alikua kajitapikia na mwili wa baridi. Nakosa usingizi. Tungefanya nini?

Mwanangu, nimefurahi kwa kuandika, na rafiki yako alhamdulillah yupo hai. Nakujibu kwa urefu uwaambie na wenzako wote, hata wale wanaosema hawanywi.

Mtu akilewa akaanguka akawa hajibu huyo halali usingizi. Pombe inaulaza ubongo, na ikizidi inalaza mpaka ile sehemu inayoendesha pumzi na ile inayomfanya mtu akohoe kitu kikimkwama kooni. Ndo mana mlevi anatapika amelala chali, matapishi yanarudi kwenye njia ya hewa na hakohoi, anakufa kimya wenzake wakiwa hatua 10 wanapiga muziki. Kingine, pombe iliyopo tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata baada ya kuacha kunywa, kwaiyo aliekua anaongea saa 5 anaweza kua hatarini zaidi saa 6. Kusema "tumuache ataamka" ni kumuacha wakati hali yake bado inapanda.

Angalia haya: umemfinya kwa nguvu haamki. Pumzi zake ni chache, ukihesabu hazifiki 8 kwa dakika, au anakaa sekunde 10 na zaidi bila ya kuvuta. Ngozi baridi na ya maji maji, na kwa ngozi zetu nyeusi tazama midomo, ufizi na kucha kama vimepauka au vina rangi ya buluu. Anatapika huku kalala. Anatikisika kama mwenye kifafa. Ukiona hata moja tu katika hayo ni hospitali saa ileile, msisubiri yatimie yote.

Wakati gari inatafutwa mlazeni ubavu, goti la juu mlikunje mbele ili asibiringike, kichwa kiegemee kidogo nyuma na mdomo utazame chini ili kikitoka kitu kitoke nje. Mtu mmoja abaki nae muda wote anamtazama kifua. Mfunikeni kwa chochote. Msimtie vidole kooni kumtapisha, msimwagie maji ya baridi mana mwili tayari umepoteza joto, msimpe kahawa wala ndimu wala maziwa wala dafu, mtu ambae hajijui ukimtia kitu mdomoni unampalia. Hivo vitu havitoi pombe mwilini hata kwa alieamka. Ini ndo linaitoa na lina mwendo wake mmoja, chupa moja ya bia ya nusu lita ina kama gramu 20 za pombe na mwili wa mtu mzima unahitaji kama saa 2 mpaka 3 kuimaliza, hakuna cha kuiharakisha.

Na kumuacha pwani! Wewe ni mtoto wa Paje unajua maji yetu ya mashariki yanakupwa yanaenda mbali mpaka unaona mashamba ya mwani alafu yanajaa. Mlevi aliolala mchangani hasikii maji yakija. Wala msiogelee mkiwa mmekunywa, hata kidogo.

Enaji nayo ni mtego kwasababu kafeini inamfanya mtu ahisi yuko macho wakati kiwango cha pombe kipo palepale, hapati ile dalili ya kuchoka ambayo ingemsimamisha, anaongeza. Kwa kijana hatari inazidi, mana vijana hawasinzii upesi kama watu wazima ila kumbukumbu yao inaharibika upesi. Ukisikia mtu anasema "jana sikumbuki nilirudi vipi" na watu wanacheka, ujue ubongo wake ulishindwa kuandika kitu chochote kwa masaa yale.

Kama kilichonywewa ni gongo au kitu cha kupimiwa kwenye chupa isiyo na lebo, kuna hatari nyengine ya methanoli, aina ya pombe ambayo ni sumu. Inaweza kuchukua nusu siku mpaka siku nzima kabla ya kuonekana, kijana anaamka anadhani ni uchovu wa kawaida kumbe anaanza kuumwa kichwa na tumbo na anaona ukungu mbele ya macho. Hapo anaweza kupofuka au kufa na dawa ipo hospitali tu, na wote waliokunywa chupa ile waende hata ambae hajisikii kitu.

Polisi sasa. Kazi ya daktari ni kutibu, atakuuliza kanywa nini, kiasi gani, lini, na kama kachanganya na vidonge au unga wa kulevya, na umjibu ukweli mana ndo dawa yake inategemea hapo. Vidonge vya usingizi na unga vikikutana na pombe vyote vitatu vinavuta pumzi chini. Kutoka Paje mna hospitali za Kitogani na Makunduchi, wa kaskazini wana Kivunge, ni njia ya gari ya muda mfupi. Nyumbani watajua, ndio, na watakasirika. Mama yake akasirike kwa mtoto alie hai.

Huyo rafiki yako mtafute mkae mzungumze, umwambie ukweli kua mlimuacha. Nadhani usingizi wako utarudi ukishasema.

Shangazi hawa watu wa afya wanazidisha. Tembo la mnazi babu zetu wamelinywa na wameishi miaka 90, ni la asili halina kemikali. Bora vijana wanywe tembo kuliko mapombe ya viwandani. Msomaji, Micheweni.

Ndugu yangu, maji ya mnazi yakishuka kwenye kibuyu cha mgema ni matamu na hayana kitu, hilo kweli. Lakini hamira iliyopo hewani na kwenye chombo inaanza kuyala sukari palepale, asubuhi ni tembo tamu, mchana si tamu tena, na jioni ni tembo kali lenye pombe inayokaribia ya bia. Ukiliacha siku zikaenda linakua siki. Ile pombe iliyomo kwenye tembo na iliyomo kwenye chupa ya kiwandani ni kitu kimoja hichohicho, ini halijui kama imetoka mnazini au dukani. Shirika la Afya Duniani lilisema Januari 2023 hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kwa afya, na tangu mwaka 1988 taasisi yake ya utafiti wa saratani iliiweka pombe kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani, za mdomo, koo na ini, na baadae ikaongeza za utumbo mpana na matiti. Hawakutoa msamaha kwa ya asili.

Babu yako alieishi miaka 90 namuombea rehma. Ila waliokufa na miaka 40 hawapo kutupa habari zao. Na mie nashangaa kitu kimoja, wazee wenyewe waliokua wakinywa tembo hawakua wakimpa mtoto wa skuli, alikua akionekana karibu na kilabu anafukuzwa. Leo anauziwa.

Nna miaka 18. Nilikunywa na wenzangu siku ya sikukuu. Nikasikia alokunywa pombe swala yake haikubaliwi siku 40, kwaiyo nimeacha kuswali mpaka ziishe, na kwakua siswali najikuta nakunywa tena mana naona tayari nimeharibikiwa. Nisaidie.

Mwanangu umenigusa. Mie si shekhe na nakuomba uende kwa ustadhi wako wa chuoni umuulize mwenyewe kwa faragha, lakini hili masheikh wamelieleza sana. Hadithi ipo, na ndani ya hadithi hiyohiyo kuna maneno kua akitubia Mwenyezi Mungu anapokea toba yake, watu wanaipokea nusu ya mwanzo na hawafiki mwisho. Na wamesema kukosa thawabu sio ruhusa ya kuacha swala, faradhi ipo palepale na kuiacha ni kosa jengine kubwa juu ya lile. Kilichokatazwa katika Suratun-Nisaa aya ya 43 ni kuisogelea swala ukiwa umelewa hujui unachosema, kwaiyo ukishazindukana koga, nuia, uswali.

Unaona ulivojifungia? Umeacha kitu kilichokua kinakuweka karibu na watu wazuri mara tano kwa siku, umebaki na wale wa chupa tu. Rudi msikitini leo magharibi. Na Suratul-Maida aya ya 90 ilipokataza pombe imesema "jiepusheni nayo", kwaiyo jiepushe na mahali pia, ile gesti na ile maskani mnayokutana usipite hata kwa kusalimia kwa muda huu.

Mimi ni mwalimu, Unguja mjini. Tumewakamata wanafunzi watatu wa fomu two na chupa ndogo ya pombe kali chooni. Uongozi unataka kuwafukuza ili iwe funzo kwa wengine na jina la skuli lisiharibike. Maoni yako?

Mwalimu, nitasema wazi, kuwafukuza kutasafisha jina la skuli na kutaharibu watoto watatu. Mtoto wa miaka 14 au 15 asiekua na skuli ana masaa 8 zaidi ya kukaa na waliomuuzia.

Kabla hamjaamua kaeni na kila mmoja peke yake mjue nani kaonja mara moja kwa kushawishiwa, nani anakuja nayo kila wiki, na nani hawezi kukaa bila. Hawa hawawezi kupewa hukumu moja. Muulizeni kila mmoja pia kaipata wapi, mana nyuma ya mtoto mwenye chupa kuna mtu mzima alieuza au alieituma, huyo ndo anatakiwa kutafutwa kwa sheha na polisi. Mnakumbuka viroba, zile pakiti ndogo za plastiki, vilipigwa marufuku Bara Machi 2017 kwasababu hasa ya urahisi wake kwa watoto, vikitiwa mfuko wa shati la skuli havionekani. Chupa ndogo imechukua nafasi ileile.

Waiteni wazazi faragha, sio mbele ya paredi. Wapeni watoto adhabu ya kazi na muwape mwalimu mmoja wa kuwafuatilia mpaka mwisho wa mwaka, kama mna mwalimu wa ushauri nasaha ndo kazi yake. Na muwatazame masomoni, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu inaumia haraka na pombe katika umri huu, mtoto alieshuka ghafla hesabu na lugha kwa muhula mmoja si lazima awe mvivu.

Shangazi, kaka angu ana miaka 19, alianza kunywa akiwa na 14, saivi ni gongo kila siku toka asubuhi. Ramadhani inakaribia na mama kaamua tumfungie chumbani mwezi mzima ili aache, na kuna mtu wa kumzingua kashapatikana. Mara moja alikaa siku mbili bila kunywa akaanza kuona watu ukutani na kupiga kelele, mama anasema ni majini yanaondoka. Mie nna wasiwasi. Dada mtu, Mwanakwerekwe.

Mwanangu wasiwasi wako una haki na hii barua ndo iliyonifanya niharakishe ukurasa huu. Msimfungie.

Mtu anaekunywa kila siku toka asubuhi kwa miaka, mwili wake umeshajipanga juu ya pombe. Ikikatwa ghafla neva zinapanda juu kwa kishindo. Masaa 6 mpaka 12 ya mwanzo anatetemeka mikono, anatoka jasho, hapati usingizi, moyo unakwenda mbio. Ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kupata degedege. Na kuanzia siku ya pili mpaka ya nne wengine wanachanganyikiwa kabisa, wanaona watu na wadudu ukutani, homa inapanda, na hapo bila ya matibabu mtu anaweza kufa. Uliyoyaona siku ile sio majini, ni pombe ilivyokatika. Na mtu aliewahi kuyapata mara moja, mara inayofuata mara nyingi inakuja kwa nguvu zaidi, kwaiyo huyu ni wa hatari tayari.

Kila Ramadhani ikiingia kuna vijana wanaokata ghafla kwa nia njema kabisa, wanafunga bila ya maji mchana kutwa huku mwili umo katika hali hiyo, na familia inaficha mana ni mwezi mtukufu na ni aibu. Mwambieni mama kwa upole: mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga na kulipa baadae, na mwanawe ni mgonjwa.

Mpelekeni Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, au hospitali yoyote kubwa iliyo karibu kabla ya kumkatia. Huko kuna dawa za kutuliza neva anazopewa kwa kipimo na kupunguzwa siku baada ya siku, na vitamini B1 mana walevi wa muda mrefu inawaishia na ikiisha ubongo unaharibika. Kisomo kama mama anataka kisomwe, hakuna anaekataa Qur-ani, ila kiende pamoja na dawa, na asiwepo mtu wa kumfunga kamba wala kumpiga wala kumnywesha madawa ya majani juu ya tumbo lenye gongo. Mpaka siku ya kwenda mkiona hawezi kupata daktari leoleo msimnyang'anye yote kwa mpigo, najua ni neno zito kumwambia mama wa Kiislamu, lakini ni siku moja au mbili tu ya kumfikisha salama.

Akishatoka kwenye hizo siku za mwanzo ndo kazi yenyewe inaanza, kwasababu mwili umesafika lakini mtaa ni uleule. Hapo fikirieni soba hauzi, yani nyumba wanazokaa wanaoacha ulevi, zipo Unguja na Pemba, na serikali ina kituo chake Kidimni. Nendeni mkaione kabla ya kulipa au kumpeleka. Ulizeni kama kuna muuguzi, kama wanampokea mtu wa pombe au ni wa unga tu, familia inaruhusiwa kumtembelea lini, na akitoka nani anamfuatilia. Pakiwa na mahali hawataki muingie ndani muone anapolala, ondokeni.

Kesho asubuhi andika kwenye karatasi: anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, kinywaji cha mwisho saa ngapi, vidonge gani anatumia, kashapata degedege au laa, na siku ile ya kuona watu ukutani ilikuaje. Umpe daktari karatasi hiyo mlangoni, mana kaka ako mwenyewe atasema anakunywa kidogo.